Vichwa vya shaba tupu kwenye .308 yangu: kilichobadilisha shabaha

Bunduki yangu ya kuwindia ni ya bolti, ya kaliba ya .308 Winchester, mtutu mwembamba, na michirizi iliyochongwa ndani ya mtutu ili kuizungusha risasi inakamilisha mzunguko mmoja kwa kila inchi 12. Risasi zake najaza mwenyewe: ganda, fataki ya kuwashia, baruti, na kichwa, yaani kile kipande kinachoruka hadi kwenye shabaha. Kwa miaka ilikula vichwa vya kawaida, kiini cha madini ya risasi kilichovishwa koti, na ilivipenda. Sasa inakula TTSX ya greni 130 ya kampuni ya Barnes, yaani kama gramu 8.4 za shaba tupu zenye ncha ya plastiki mbele na mifereo iliyokatwa kuzunguka kiuno. Kwa mnyama wa porini sitaki kingine. Ila kukifikisha kwenye shabaha ninayoitaka kulinilazimu kuacha karibu kila nilichozoea kwenye vichwa vya koti, na hilo ndilo ninalotaka kuwaeleza wenzangu mnaofikiria kuhama.

Nianze na uzito, kwa sababu wengi hukwama hapo kabla hata hawajagusa baruti. Shaba ina uzito wa gramu 8.96 kwa kila sentimita moja ya ujazo. Madini ya risasi yana 11.34. Kwa hiyo vichwa viwili vya greni sawa na kaliba sawa havina urefu sawa: cha shaba ni kirefu zaidi. Na kinachoamua kama michirizi ya mtutu itakituliza kichwa angani ni urefu wake kuliko uzito wake. Kichwa cha shaba cha greni 168 nilikijaribu kwenye mtutu huu. Matundu yalisambaa, na mengine yalikuwa yamerefuka kidogo badala ya kuwa mviringo, ishara kwamba kichwa kinafika kikiwa kimeinama. Kichwa hakikuwa na ubaya wowote. Mtutu wa mzunguko wa inchi 12 haukizungushi vya kutosha. Ukipiga hesabu kwa kanuni ya Miller, inayokadiria kama kichwa kitatulia kwenye mtutu fulani, utaona kilivyokuwa ukingoni mwa uthabiti, wakati cha greni 130 kinakaa kwa raha. Mwenye mzunguko wa inchi 10 ana nafasi pana zaidi ya kuchagua.

Kushuka uzito kunawatia watu hofu, hasa waliolelewa kuamini kwamba kichwa kizito ndicho kinachoua. Kwa shaba hofu hiyo haina msingi. Kichwa cha koti humwaga sehemu ya kiini chake njiani ndani ya mnyama, ndiyo maana tulikuwa tunaanza na kizito. TTSX hufunguka kama ua la petali nne na kubaki na karibu uzito wake wote. Vile nilivyovitoa kwenye nyama vilikuwa hivyo. Uzito mdogo unaleta pia mwendo mkubwa, na shaba inahitaji mwendo ili ifunguke. Vichwa vya aina hii havipendi kufika polepole, na wengi huchukulia takriban futi 1,800 kwa sekunde kama kiwango cha chini. Soma kiwango cha kichwa chako kwa mtengenezaji wake, kisha jiwekee mpaka wa umbali.

Sasa jambo lililonipa faida kubwa kuliko mengine yote: mruko. Namaanisha ile nafasi ambayo kichwa hupita bila kushikwa na kitu, kuanzia kinapotoka kwenye shingo ya ganda hadi kinapokutana na mwanzo wa michirizi. Kwa vichwa vya koti nilikuwa nakisogeza kichwa karibu kabisa na michirizi, karibu nusu milimita, kwa imani kwamba kikianza kikiwa kimenyooka kitamaliza kikiwa kimenyooka. Shaba tupu haikubali hivyo. Barnes wenyewe wanashauri uanzie inchi 0.050, yaani milimita 1.27, na niliposogea kutoka hapo nikielekea nyuma kwa hatua za robo milimita, baruti ikiwa ile ile, ganda lile lile na fataki ile ile, makundi ya matundu kwenye karatasi yalianza kujibana mbele ya macho yangu. Kwa umbali wa mita 100 nilitoka kwenye kundi la kama sentimita 5 nikafika chini ya sentimita 2.5. Bunduki yangu imetulia kwenye mruko wa karibu milimita 1.8. Yako itakuwa na pake, na mara nyingi pako nyuma zaidi ya unapodhania.

Kwa nini? Kichwa cha koti kina kiini laini kinachobonyea kirahisi michirizi inapokikaba. Shaba tupu ni ngumu kukatwa, haina kiini cha kubonyea. Ikianza ikiwa imeegemea michirizi, shinikizo hupanda ghafla na kwa namna isiyolingana kutoka risasi moja hadi nyingine. Ikipewa nafasi ya kushika mwendo kwanza, inaingia kwenye michirizi kwa namna ile ile kila mara. Mifereo ya kiunoni nayo inasaidia: inapunguza eneo linalosuguana na mtutu, na shaba inayosukumwa na michirizi inapata mahali pa kwenda. Kichwa cha kwanza cha aina hii, Barnes X cha mwaka 1989, hakikuwa na mifereo, na waliokitumia walilalamikia mitutu kushika shaba. Ilipokuja TSX yenye mifereo mwaka 2003, mambo yalibadilika.

Kupima mruko kunahitaji uangalifu. Mimi nachukua ganda tupu lililofyatuliwa kwenye chemba hiyo hiyo, halina baruti wala fataki, nabana shingo yake kidogo, nakiacha kichwa kikiwa kimetoka sana, kisha nafunga bolti polepole. Michirizi inakirudisha kichwa ndani hadi pale kinapogusa. Natoa kwa upole na kupima kwa kalipa iliyofungwa kifaa kinachoshika kwenye bega la kichwa, pale mduara unapofikia upana wa michirizi. Usipime hadi ncha. Ncha za plastiki hutofautiana, na namba utakayoipata haitakwambia chochote kuhusu mruko. Narudia kipimo hicho mpaka namba zikubaliane.

Tahadhari hapa nataka ichukuliwe kwa uzito. Kichwa cha shaba, kwa kuwa ni kirefu, kinakula nafasi ya baruti ndani ya ganda, na ukikisukuma nyuma zaidi kinakula nyingine. Kipimo cha baruti cha kichwa cha koti cha greni sawa hakihamishiki. Chukua jedwali la mtengenezaji wa kichwa chenyewe, anzia kiwango cha chini kabisa, panda taratibu huku ukitazama maganda na kusikiliza bolti. Kila ninapobadilisha kina cha kichwa kwa kiasi cha maana, nashusha baruti na kuanza kupanda upya. Sitataja vipimo vyangu vya baruti, kwa sababu ni vya chemba yangu tu.

Jambo la pili kwa ukubwa ni usafi wa mtutu. Koti la vichwa vingi ni shaba iliyochanganywa zinki kidogo, na tabaka lake linabaki ndani ya mtutu hata kama macho yanaona kung'aa. Shaba tupu ikipita juu ya tabaka hilo, inashika zaidi. Kabla ya kupiga kichwa cha kwanza cha shaba nilisafisha hadi chuma chenyewe: kwanza masizi ya baruti, kisha dawa ya kuyeyusha shaba yenye amonia, kitambaa baada ya kitambaa, mpaka rangi ya buluu ikaisha. Tumia brashi ya nailoni. Ya shaba inayeyuka yenyewe kwenye dawa na kukuonyesha buluu isiyotoka kwenye mtutu, na unaweza kusafisha mpaka jioni ukifukuza uchafu ambao haupo. Usiiache dawa ndani kupita muda ulioandikwa kwenye chupa, kisha futa na upake mafuta.

Baada ya hapo bunduki inahitaji risasi chache za kuuzoesha mtutu kabla makundi hayajatulia. Ndiyo maana sijaribu kipimo kipya kwenye mtutu uliotoka kusafishwa, na siendi porini na mtutu uliotoka kusafishwa.

Mengine yote, kukata maganda urefu mmoja, kubana shingo sawasawa, kuhakikisha kichwa kimekaa wima, yana faida ile ile iliyo nayo kwenye vichwa vyovyote. Nimeyafanya na nitaendelea, ila hakuna lililokaribia mruko.

Kuhusu kupima matokeo: mtutu mwembamba wa kuwindia unapata joto haraka, na risasi ya tano ndani yake haiendi ilikokwenda ya kwanza. Napiga tatu, naacha upoe hadi mkono usisikie joto, narudia, kisha naweka karatasi zote juu ya nyingine kuona umbo la jumla. Kundi moja zuri la risasi tatu limewadanganya watu wengi. Risasi ninayoithamini kuliko zote ni ile ya kwanza kutoka mtutu wa baridi, maana ndiyo inayompata mnyama, kwa hiyo ninazikusanya hizo kwenye karatasi yake peke yake.

Kasoro zipo. Vichwa hivi ni ghali kuliko vya koti, na kutafuta mruko kunamaliza vingi kabla hujafika. Kichwa chepesi cha greni 130 kinasukumwa na upepo zaidi ya kizito, na kwa mwindaji anayepiga mbali sana kwenye uwanda wazi hiyo ni hasara ya kweli. Mimi napiga ndani ya mita 250, na humo sijaona upungufu. Nyama pia haina vipande vya madini ya risasi, jambo lenye uzito kwangu kwa sababu watoto wanaila, na kwa sababu ndege wanaokula mabaki niyaachayo porini wanaweza kufa kwa sumu ya vipande hivyo vikiwemo.

Kama mtutu wako una mzunguko wa inchi 10, ningekushauri uanzie greni 150 badala ya 130, uweke mruko wa milimita 1.27, halafu urudi nyuma kuanzia hapo bila kugusa kitu kingine chochote mpaka karatasi ikujibu.