Bunduki ya upepo ya magazini: kila kitu kizuri, isipokuwa kile nilichokilipia

Sitaandika urefu wake, uzito wake wala kasi ya risasi zake. Hayo yamechapwa ubavuni mwa boksi, na aliyeyachapa anajua kusifia. Mimi nina jambo moja tu: magazini. Lile gurudumu la plastiki lenye matundu kumi, linalokaa mgongoni mwa mtutu, ambalo ndilo lililopandisha bei. Muuzaji alilizungusha kwa kidole mbele yangu, trrr, akaniambia ile ya kutia moja moja iliyolala pembeni kabatini ni ya kizamani, ya kuchezea watoto. Nikalipa. Na makaratasi ya polisi yako sawa, asije mtu akaanzia hapo.

Naishi Pongwe, nje kidogo ya mji wa Tanga, nafuga kuku wa kienyeji. Mfugaji wa pwani haelezwi kunguru ni nani. Waliletwa Zanzibar miaka ya 1890 wale taka; taka hawakuzimaliza, leo pwani nzima ni yao na vifaranga vyetu ndio kitoweo. Sumu siweki, maana kuku nao wanadonoa kila kitu. Sanamu nililolivalisha kofia walilizoea zamani, wanatua begani kwake. Ikabaki bunduki ya upepo: haina kishindo cha kumshtua jirani, haitaki baruti, na risasi yake ikigonga ukingo wa udongo inaishia hapo hapo. (Nasisitiza ukingo wa udongo. Kunguru aliye juu ya bati la mtu hapigwi, wala aliye hewani, kwa sababu kilichokwenda juu kitashuka mahali.)

Sasa tuelewane inavyofanya kazi, maana hasira yangu yote imo humo. Unaukunja mtutu kwenda chini. Mkunjo huo unairudisha pistoni nyuma na kuibana springi. Kwenye hii ya magazini, mkunjo huo huo unaendesha kisindano chembamba kinachopita kwenye tundu la gurudumu, kinakichukua kirisasi kimoja na kukisukuma ndani ya mtutu. Unafunga, unapiga, unakunja tena, na gurudumu linasogea tundu moja. Huna haja ya kukishika kirisasi cha milimita 4.5 kwa vidole vyenye jasho. Kwa macho yangu ya sasa, na kwa mchanga wa huku ambao ukiangusha kitu kidogo ndiyo umekiaga, jambo hilo lilikuwa na maana kubwa. Nalisema ili msidhani nilinunua kwa ajili ya kujionyesha.

Kopo la kwanza la virisasi lilikwenda vizuri, tena vizuri mno, hadi nikawa nawasifia wale watu wa duka barazani kwa wanywa kahawa. Halafu, sijui ni karibu na masika au mvua zilikuwa zimeshaanza, magazini ikaanza kuchagua siku. Leo inatia, kesho inaruka. Unakunja, unafunga, unalenga, unavuta triga, unasikia pwaa! Kunguru anakutazama tu. Hakuna kilichotoka. Mara nyingine kirisasi kinakwama, nusu kwenye gurudumu na nusu kwenye mtutu, mtutu haufungi wala haukunjuki, na wewe umeshikilia silaha iliyojikaza. Ukikosa subira ukakunja mara ya pili bila kupiga, inakuongezea kirisasi kingine nyuma ya kile cha kwanza, kwa sababu yenyewe haijui kama umepiga. Inachojua ni kukunjwa.

Kuna watakaosema: imeruka moja, kunja tena, kuna shida gani? Shida ipo, na ndiyo watu wa duka hawaisemi. Bunduki ya springi inapopiga, pistoni inaruka mbele kwa nguvu zote. Kinachoipunguzia kishindo ni hewa iliyobanwa mbele yake, na hewa hiyo inabanwa kwa sababu kirisasi kimeziba njia. Kirisasi kisipokuwepo, hewa inakimbia na pistoni inagonga ukuta mtupu. Huko ni kupiga kavu, na kila ukipiga kavu springi na mpira wa pistoni vinaumia. Yaani magazini ikiruka haikukosheshi shabaha tu, inaila bunduki yenyewe, nawe umesimama hapo huna habari.

Nikapiga simu dukani. Haikupokelewa. Ikapigwa tena, haikupokelewa. Mwisho nikapanda basi pale Kange kwenda Dar, liliko duka lenyewe, na magazini nimeifunga kwenye leso mfukoni pamoja na virisasi vyake. Bunduki niliiacha kwangu imefungiwa. Sikuona sababu ya kusafiri na silaha kwenye basi la abiria wakati tatizo linaenea kiganjani.

Kijana yule yule wa trrr. Nikamwamkia, nikaifungua leso juu ya kioo, nikamweleza kama nilivyowaeleza ninyi. Hakuigusa. Wallahi hakuigusa hata kwa ukucha. Akaniambia, "Mzee, unaniletea tairi halafu gari umeliacha nyumbani?" Nikavumilia, nikamwomba alau anitolee nyingine kabatini tulinganishe. Akauliza natokea wapi. Nikasema Tanga. Akageukia wateja wengine waliokuwa pale, akasema: "Wenzetu hawa mapenzi ndiyo yamezaliwa kwao. Ya bunduki watuachie sisi." Watu wakacheka. Kisha, akiwa ameshainamia simu yake: "Kaipake oili ya cherehani, mzee wangu. Unaikunja kwa uoga ndiyo maana haitii."

Utani naujua, nimekulia nao. Lakini mtani wako anakutania akiwa amekushika mkono, hakutanii akiwa ameshikilia pesa yako. Na hilo la uoga bado linanichoma hadi leo ninapoandika. Mimi nimebeba magunia ya mkonge nikiwa kijana, sasa nafundishwa kukunja mtutu na mtoto mwenye kucha ndefu.

Lakini tuseme nimesamehe kejeli. Ile oili siisamehi. Anayewauzia watu bunduki ya springi halafu anawaambia waimwagie oili ya cherehani, ama hajui anachokiuza ama anataka kukuuzia ya pili. Pistoni ikiruka inaibana hewa ghafla na kuichemsha vibaya, ndivyo injini ya dizeli inavyowasha bila plagi. Oili ikishapenya hadi mbele ya pistoni, inalipuka humo. Utasikia mlio mkali usio wa kawaida, utaona moshi mdomoni mwa mtutu, utadhani bunduki imepata nguvu, kumbe unauchoma mpira wa pistoni. Na oili ndani ya magazini ya plastiki inafanya kazi moja tu, inakamata vumbi. Sikuipaka. Ningeipaka, leo ningekuwa na vitu viwili vibovu badala ya kimoja.

Aliyeniokoa ni fundi saa, mzee mmoja wa Ngamiani, huku huku Tanga mjini, kwenye zile barabara za namba. Hajawahi kupiga bunduki maishani mwake, alisema mwenyewe. Akaipachika lenzi jichoni, akaifungua magazini kwa bisibisi ndogo kuliko kibiriti, akaiangalia kimya mpaka chai yangu ikapoa. Kisha akasema, "Mwanangu, hii haijaugua. Imezaliwa hivi."

Ndani yake kuna kikucha cha plastiki kinacholisogeza gurudumu. Ncha ya kikucha ilikuwa imelika, kwa hiyo gurudumu lilikuwa linasimama kabla ya kufika. Upungufu wenyewe hauzidi unene wa unywele, ila kwa kitu cha milimita 4.5 huo unywele ndio kila kitu. Tundu la gurudumu na tundu la mtutu haviko sawasawa, kisindano kinakisukuma kirisasi, kirisasi kinagonga ukingo. Madini ya risasi ni laini, yanachongeka. Sketi, yaani ule ukingo mwembamba wa nyuma wa kirisasi, inakunjika, na vipande vinavyochongwa vinabaki ndani kuja kukikwamisha kinachofuata. Akanionyesha vile vipande kwenye karatasi nyeupe, vinang'aa. Tena kispringi cha kikucha kilikuwa kimeanza kushika kutu kwa unyevu wa huku. Fundi akasafisha kwa mswaki mkavu, akapitisha msasa laini, akakinyoosha kispringi. Bei aliyonitajia siisemi, maana wenye duka wataona aibu. Au hawataona.

Nyumbani nikaipachika, nikauweka mtutu kwenye mwanga nikachungulia tunduni. Duara kamili. Ikatia. Nikaanza pia kuchagua virisasi. Vya ncha kali ni virefu, pua yake inachomoza nje ya gurudumu na kukwaruza, nikaviweka kando. Vya kichwa mviringo vinapita. Kila kimoja nakikagua sketi kabla ya kukitia, maana kopo lililorushwarushwa kwenye boda limejaa vilivyobonyea. (Halafu mnawe mikono. Mtu anaviweka mdomoni kama pipi huku analenga, hajui kwamba risasi ni sumu.) Nikakata na kipande cha karatasi ya chooni, nikakiweka pale mtutu unapokunjikia nikapiga, kuona kama hewa inavuja kwenye ringi ya mpira. Karatasi haikutikisika. Bunduki nzima. Mbovu ni lile dude la juu tu.

Na ikikwama msifanye nilichomwona jirani yangu anataka kufanya, kuipiga ili kitoke. Toa kidole kwenye triga. Mtutu ulio wazi uushike kwa mkono mmoja muda wote, kwa sababu ukijifunga ghafla unajifunga kwa nguvu za springi na kidole kilichomo hakitoki salama. Chomoa magazini. Kisha kirisasi kisukume taratibu kwa ufito wa kusafishia, kutoka mbele kurudi nyuma, mtutu ukiwa umekunjwa vile vile. Kama ni viwili, vitatoka viwili.

Dawa ya fundi ilishika kwa muda. Sikuhesabu. Plastiki iliyolika haioti tena, ikaanza kuruka upya, mzee akaniambia angekuwa na kikucha cha chuma angenichongea, lakini hana. Basi nikaitoa magazini kabisa. Kwenye hii yangu ukishaitoa, tundu la nyuma la mtutu linabaki wazi, unaingiza kirisasi kwa kidole na kuhakikisha kimekaa. Natandika kanga ya zamani mapajani ili kinachoanguka nikione.

Na hapa ndipo ninapotaka kulia na kucheka. Bunduki inapiga! Toka mlango wa banda hadi ukingo ulio nyuma ya mwembe, kopo la maziwa haliponi. Triga ina mvuto mrefu kidogo, ukishaizoea inasikika vizuri. Mtutu umenyooka, kitako kinakaa begani bila kuuma. Kunguru wamepunguza dharau. Wakiniona nimetoka na kanga wanahama wenyewe kabla sijakaa, na vifaranga wa mwisho wamekua karibu wote. Nilipofika hapa kuandika nilikuwa nataka kuwaambia nunueni, magazini itupeni, mtakuwa na bunduki nzuri kwa bei ya maskini.

Subirini kwanza. Bei ya maskini ipi? Bunduki ya kutia moja moja ilikuwa pale pale kabatini, kwa bei ya chini kuliko hii, na mimi leo natia moja moja. Tofauti ya bei yote imo kwenye droo ya jikoni, imefungwa kwa leso. Na aliyeniambia ile nyingine ni ya watoto ndiye huyo huyo aliyenicheka mbele za watu, ndiye huyo huyo aliyetaka niimwagie oili. Nafuta nilichosema. Msinunue. Au nunueni, lakini ile ya kizamani, na si kwa yule. Mkilazimika kuingia duka lile, msimwambie mnatoka Tanga. Mwambieni aipachike magazini mbele yenu na mchungulie tunduni kabla pesa haijatoka mfukoni. Akikataa kuigusa mjue ni yeye.

Magazini bado ninayo. Anayeitaka aje Pongwe aichukue bure, na virisasi vya ncha kali namwongezea. Bunduki siuzi.