Injini ya tila imekufa? Anza na shafti, hosipawa baadaye

Tila ndogo za bustani, yaani mashine za kulimia za kusukuma kwa mkono, mara nyingi injini ndo inatangulia kufa. Gia boksi iko fiti, visu vikiisha unachomelea vingine maisha yanaendelea, ila injini ukivuta kamba inakuja laini haina ubishi wowote, moshi wa bluu, plagi imelowa oili, na fundi keshakwambia ringi zimekwisha. Hapo wengi wanakimbilia dukani na swali moja, "mna injini ya hosipawa saba?" Muuzaji anakupa ya saba kweli, unapanda nayo basi mpaka nyumbani, ukifika haiingii.

Nazungumzia hizi tila za petroli za kutembea nazo nyuma, za bustani ya mboga, kitalu nyumba, katikati ya migomba. Siyo pawa tila kubwa za mpunga kule Mbarali na Kilombero zenye dizeli ya kupozwa kwa maji, zile ni habari nyingine kabisa na mafundi wake ni wengine.

Sasa kabla sijapanga injini ipi ya kununua kwanza ipi ya mwisho, fungua ile injini ya zamani uipime, usiende dukani kichwa kitupu. Chukua vania (kile kipimo cha kubana cha milimita), pima unene wa shafti inayotoka kwenda kwenye puli. Hapa ndo pesa za watu zinapopotelea. Injini za saizi hii zinakuja na shafti za aina mbili zinazofanana kwa macho, moja ni robo tatu ya inchi, yaani milimita 19.05, nyingine ni milimita 20 kamili. Tofauti haifiki hata milimita moja, lakini puli ya robo tatu haiingii kwenye shafti ya 20 hata uipige nyundo, na puli ya 20 ukiivalisha kwenye robo tatu itaingia vizuri tu utafurahi, halafu siku chache inaanza kucheza, inakula ile kii (kipande cha chuma kinachofunga puli na shafti), inakula na shafti yenyewe. Na bolti ya mwisho wa shafti pia zinatofautiana, ya milimita 20 inachukua M8 ya kawaida, ya robo tatu inachukua bolti ya nyuzi za inchi, 5/16, ambayo duka la kawaida la nati na bolti anaweza asiwe nayo, kwa hiyo ukinunua omba wakupe hapohapo na kii yake.

Kitu cha pili ni spidi, na hiki hata mafundi wengine hawakiangalii. Injini ya kawaida shafti yake inazunguka kama mara 3,600 kwa dakika ukifungua moto wote. Lakini baadhi ya injini za zamani za kwenye tila, Robin za herufi B mwishoni kama EY20B ni mfano mzuri, shafti ya kutoa nguvu inatoka kwenye kemshafti (ile inayofungua valvu) siyo kwenye krenki (ile inayozungushwa na pistoni), kwa hiyo inazunguka nusu, 1,800. Ukiitoa hiyo ukaweka ya kawaida bila kugusa puli, visu vitazunguka mara mbili ya vilivyopangiwa, tila itakuwa inakuruka mkononi na gia boksi itachemka. Dawa ni mbili, ununue injini yenye gia ya kupunguza spidi nusu, zipo, au uweke puli ya injini yenye kipenyo nusu ya ile ya zamani. Yoyote utakayochagua, vuta kamba polepole hapohapo dukani uangalie shafti inazungukia upande gani, ulinganishe na ya zamani, maana gia zinaweza kugeuza mzunguko ukajikuta tila inalima kinyumenyume.

Mashimo ya chini siyo tatizo kubwa. Familia yote ya Honda GX160 na GX200 pamoja na kloni zake, yaani injini za kuiga, wanatumia mpangilio uleule, kama milimita 162 kwa 76. Kama ya zamani ilikuwa Briggs ya kizamani ile ya valvu za pembeni, mashimo hayatakutana, unakata bati nene la chuma unatoboa upya, kazi ya asubuhi moja kwa fundi wa kuchomelea. Kikubwa urefu wa shafti kutoka chini ubaki uleule, la sivyo mkanda unakaa upande na unakatika kila wiki.

Haya, twende kwenye mpangilio wangu.

Ya kwanza kwa watu wengi ni kloni ya Kichina ya 196cc mpaka 212cc, hizi zinazoandikwa 168F-2 au 170F. Najua kuna wadau watapiga kelele lakini sikiliza. Mtu ana bustani ya nusu eka, tila anaiwasha msimu kwa msimu, injini inafanya kazi masaa machache kwa mwaka, ya nini kuzika hela nyingi. Uzuri mkubwa wa hizi siyo bei peke yake, ni kwamba ni injini ileile iliyo kwenye nusu ya mashine za petroli mtaani, pampu za maji, mashine za kushindilia zege, za kukoboa kahawa, kwa hiyo kabureta, rikoili (ile ya kuvutia kamba), gasketi, ringi, vyote unapata mpaka mji wa wilaya. Kwa wasiojua hizo namba zinasomekaje: 1 ni silinda moja, 68 ni kipenyo cha pistoni kwa milimita, F ni ya kupozwa kwa upepo. Ukielewa hivyo muuzaji hakudanganyi kirahisi.

Ila kloni haziko sawa. Loncin, Lifan, Zongshen ni viwanda vinavyojulikana, chukua hizo ukizipata. Zile zisizo na jina, au zenye jina lililobandikwa juzi, angalia kwa makini: shika shafti itikise juu chini, isicheze kabisa, vuta kamba polepole usikie kompresheni inabisha, chungulia kama bolti za hedi zote zipo (nacheka lakini kuna watu wamekuta zimelegea). Na usisome sana stika ya hosipawa, soma cc. Honda wenyewe GX160 yao zamani waliiita 5.5, sasa wanaiandika 4.8, injini ni ya 163cc ileile, wamebadilisha tu namna ya kupima. Sasa kama wao wamefanya hivyo, yule aliyebandika 7.5 kwenye 196cc unafikiri alipima na nini?

Ya pili, na kwa wengine ndo ya kwanza, ni Honda GX200 orijino. Kama tila unaikodisha, inalimia watu kutoka asubuhi mpaka jioni, wiki nzima, usihangaike na kloni, nunua hii ulale. Ni 196cc, inatoa kama 12.4 Nm za nguvu ya kuzungusha kwenye spidi ndogo, mizunguko 2,500 kwa dakika, wakati GX160 inatoa 10.3, na kwenye udongo mzito hiyo ndo unayoihisi, injini haizami kisu kikikutana na bonge. Uzito zimeachana kilo moja tu kwa hiyo sioni sababu ya kuchukua 160 labda tila yako ni ndogo sana. Bei yake sasa, unaweza kununua kloni mbili na chenji ikabaki. Na kwa sababu hiyo feki ni nyingi mno, rangi nyekundu na stika nyeupe kila mtu anaweza. Orijino namba ya injini imegongwa kwenye chuma chenyewe cha bodi, siyo stika, na muuzaji wa kweli anakupa risiti yenye hiyo namba bila kununa. Akianza "aah boss hii ni orijino ya China", shukuru uondoke.

Ya tatu ni kutonunua. Watu wanasahau hii. Kama ya zamani ni Honda au Robin na tatizo ni ringi na valvu, siyo krenki, silinda yake ina sleevu ya chuma, inachongwa na kuna pistoni za saizi ya juu. Lakini sharti ufungue uone kwanza. Ukikuta rodi imekatika na imetoboa bodi, au sehemu ya krenki inapokaa rodi imeliwa, acha, gharama zitakimbia mpaka zifikie injini mpya ya Kichina na bado utakuwa na injini kuukuu.

Ya nne ni mtumba wa Kijapani, hizi zinazoshuka kwenye kontena pamoja na vifaa vya shamba, Mitsubishi, Robin, Kubota za petroli. Chuma kizuri kweli, zinawaka kwa mvuto mmoja na hazina kelele. Mimi nazipenda, ila kupenda siyo ushauri. Shida ni spea. Robin kwa mfano, Fuji Heavy Industries, hawa jamaa wa Subaru, waliacha kabisa biashara ya hizi injini ndogo mwaka 2017, kwa hiyo kabureta ikifa unaanza kuulizia mtaa wa spea wa Gerezani, Dar, duka moja baada ya jingine msimu wa mvua unapita. Nunua kama tu una fundi mwenye mabaki ya nyingine kama hiyo.

Ya tano dizeli ndogo, 178F. Inakula mafuta kidogo, hilo kweli. Lakini ina kama kilo 33 wakati GX200 ina 16, sasa weka uzito huo mbele ya tila iliyotengenezwa kwa petroli, halafu mgeuzo wa kila mwisho wa tuta unaubeba wewe kwa kiuno. Na inatetemesha mpaka bolti za mikono zinalegea. Kama tila yako ilitoka kiwandani na dizeli sawa, rudishia dizeli. Vinginevyo hapana.

Na ya mwisho kabisa, ambayo naiona kila siku ikijaribiwa: kung'oa injini ya pampu ya maji iliyokaa tu store. Kwa nje ni 168F ileile. Lakini nyingi shafti yake ni fupi na ina nyuzi mwishoni kwa ajili ya kufungia ile feni ya maji, haina mfereji wa kii, puli utaifunga wapi? Ya jenereta nayo shafti imechongoka kama penseli. Fundi atakwambia anabadilisha krenki, na inawezekana kweli, ila piga hesabu ya krenki, gasketi, oili sili na ufundi uone kama umeokoa kitu.

Ukishanunua, yoyote ile, injini mpya inakuja KAVU. Haina oili. Weka oili ya 10W-30 au SAE 30, inaingia kama lita 0.6, ijae mpaka mdomo wa kujazia ikiwa imekaa sawa. Mwaga ya kwanza baada ya masaa 20 au mwezi mmoja, baada ya hapo kila masaa 100. Ukiona oili ya kwanza inang'aa chembechembe usishtuke, ndo ringi zinajilainisha. Eya klina ya sponji peke yake kwenye vumbi la Dodoma kiangazi haitoshi, ulizia ile ya kuogea oili, kloni nyingi inaingia bila kubadilisha chochote.

Wa milimani, Lushoto, Mgeta huko, mtakutana na kitu kimoja: injini inazima ghafla ukiwa kwenye mteremko, na kamba ukivuta haiwaki, ukiirudisha tambarare inawaka. Siyo mbovu. Ndani kuna swichi ya oili, oili ikiegemea upande inadhani imeisha inakata moto. Wengine wanachomoa ule waya wa njano na mchezo unaisha, sawa, lakini kuanzia hapo oili ikiisha kweli hakuna atakayekwambia, na GX yenyewe haitakiwi kulala zaidi ya nyuzi 20. Lima kukata mteremko, usishuke nao.

Na ile injini ya zamani usiiuze kwa kilo bado. Kama ni ya familia hiyohiyo ya GX, toa rikoili, tangi, kofia ya plagi, ekzosi, weka kwenye ndoo. Rikoili hasa, kamba za kloni zinakatika mapema.