Uzoefu Wangu wa Vifurushi vya Basi kutoka Kariakoo hadi Mlalo

Ninaendesha duka la vifaa vya shule na vipuri vya simu katika kijiji kimoja cha tarafa ya Mlalo, wilayani Lushoto, na karibu kila ninachokiuza hunifikia kwa basi kutoka Dar es Salaam. Tathmini hii inahusu huduma hiyo ya vifurushi vya basi, ninayoipata kupitia kampuni ambayo sitaitaja, kwa sababu niliyoyaona kwake nimeyasikia pia kwa wenzangu wanaotumia kampuni nyingine. Kwa kasi siwezi kuilaumu hata kidogo. Kwa usalama, safari ya mzigo ina sehemu mbili zisizofanana, na wizi unatokea pale sehemu hizo zinapokutana.

Muuzaji wangu wa Mtaa wa Aggrey hufunga boksi, akampa kijana wa bodaboda alipeleke ofisi ya basi, nako karani huandika stakabadhi yenye majina na namba za simu za mtumaji na mpokeaji. Picha ya stakabadhi hiyo hunifikia kwa WhatsApp usiku uleule. Yapo mabasi yanayopanda moja kwa moja hadi Lushoto, lakini lile linalomfaa muuzaji wangu ni la alfajiri linalokwenda Arusha, ambalo hupita Segera na Korogwe, likashusha mizigo yetu Mombo na kuendelea na safari yake ya Same na Moshi. Kutoka Mombo boksi hupakiwa kwenye kosta inayopanda milima kupitia Soni hadi Lushoto mjini, kisha hutafutiwa gari jingine la kulifikisha kwetu. Kwa nauli ya shilingi 5,000 kwa boksi dogo, kitu kilichokuwa rafuni Kariakoo jana jioni ninaweza kukiuza leo kabla jua halijazama, na hakuna huduma nyingine ninayoijua inayofanya hivyo kwa bei hiyo.

Tatizo liko Mombo. Kati ya Dar es Salaam na Mombo mzigo una karatasi. Kati ya Mombo na Mlalo mzigo una maneno ya mdomo tu. Utingo wa basi humkabidhi wakala, wakala humpa kondakta wa kosta, kondakta naye humwachia mtu wa stendi, na katika mikono yote hiyo hakuna hata mmoja anayeandika kwamba alipokea nini, kikiwa katika hali gani.

Mwaka jana nilipokea boksi la vipuri lililofungwa vizuri kupita kiasi. Juu ya selotepu ya kahawia ya muuzaji palikuwa na tabaka jingine la selotepu nyeupe, na jina langu, lililoandikwa kwa maka peni kukatiza mfuniko, lilikuwa limepasuka katikati, herufi za upande mmoja zikiwa zimeshuka kidogo na hazikutani tena na za upande wa pili. Ndani nilikuta betri na nyaya za chaji kama nilivyoagiza. Vioo vya simu, ambavyo ndivyo vilivyobeba karibu thamani yote ya mzigo, havikuwamo, na nafasi yao ilikuwa imejazwa magazeti yaliyokunjwa kwa ustadi ili boksi lisicheze likitikiswa. Aliyefanya kazi ile hakuwa na haraka, na alijua anachokitafuta.

Nilipolalamika, wakala wa Mombo alisema aliupokea mzigo ukiwa mzima. Kondakta wa kosta alisema alipewa ukiwa hivyohivyo. Karani wa Dar es Salaam aliniambia kwa upole, “Mama, geuza risiti usome nyuma,” na kweli nyuma yake palikuwa na maandishi madogo kwamba kampuni haitawajibika kwa mzigo ambao thamani yake haikutajwa wakati wa kutuma. Hakuna karani aliyewahi kumuuliza muuzaji wangu thamani ya mzigo, na ninaamini hawaulizi makusudi, kwani mzigo usiotajwa thamani hauna fidia. Sikulipwa chochote.

Wasomaji wanaotumia huduma hii wanapaswa kujua kwamba usafirishaji wa vifurushi na vipeto, hata kwa basi, ni huduma inayohitaji leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, na kwamba Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 ndiyo inayosimamia eneo hili. Mteja asiyeridhika huanza kulalamika kwa mtoa huduma, na akikosa jibu hupeleka lalamiko kwenye Mamlaka. Ni njia nzuri kwa mwenye ushahidi, lakini ushahidi wenyewe ndio ule usioandikwa Mombo.

Upo pia usumbufu wa namba ya simu iliyoandikwa waziwazi juu ya boksi. Nimewahi kupigiwa na kijana aliyenitaja kwa jina, akanieleza kwamba mzigo wangu umekwama na unahitaji ada ya kupakuliwa, nitume kwenye namba yake. Mzigo ulikuwa tayari dukani kwangu.

Nimeulizwa mara nyingi kwa nini nisitumie Posta. Ninaitumia, lakini kwa kazi yake. Barua ya kawaida kijijini kwetu huenda kwenye sanduku la shule au la parokia, ambalo ufunguo wake huzunguka kwa watu wengi, na bahasha hukaa mezani ofisini ikisubiri mwenyewe apite. Barua inayopotea hapo haijapotea Posta, imepotea kwetu. Vibao vya anwani za makazi tulivyowekewa wakati wa operesheni ya mwaka 2022 bado vipo milangoni, na postikodi yetu yenye tarakimu 5 ninaijua kwa kichwa, ila kwa mazoea ya huku barua hufuatwa, haiji yenyewe. Kwa vyeti na hati, hata hivyo, sithubutu kutumia basi. Hutumwa kwa rejista au kwa EMS, huduma ya haraka ya Posta, ambayo hupewa namba ya utambulisho yenye herufi 2, tarakimu 9 na herufi TZ mwishoni, na mpokeaji huonyesha kitambulisho na kutia saini. Gharama yake ni kubwa kuliko ya basi, na mimi hulazimika kushuka Lushoto mjini kuchukua, lakini cheti cha mtoto wa mtu si kioo cha simu cha kuagiza kingine.

Kwa mizigo ya duka nimebaki na basi, kwa masharti yangu. Muuzaji hupima boksi kwenye mizani na kunitumia picha ya uzito, akalipiga picha pande zote, na kutia saini juu ya viungo vya selotepu. Thamani huandikwa kwenye stakabadhi hata karani akinung'unika, na inapozidi kiwango chao tunalipa nyongeza. Mombo nimemwomba mama mmoja mwenye kibanda cha matunda karibu na ofisi ya wakala anipokelee kwa malipo kidogo. Ana daftari, na kondakta wa kosta hasaini humo asipoliona boksi kwanza. Makondakta walimcheka mwanzoni. Siku hizi wapo wafanyabiashara wengine wa Lushoto wanaopitishia mizigo yao kwake, na kwa upande wangu tangu hapo hakuna boksi lililofunguliwa, ingawa moja lilinyeshewa kwenye keria hadi madaftari yakavimba.

Ningeipa huduma hii nyota tatu kati ya tano, na zote tatu ni za kasi na bei. Ninaipendekeza kwa mfanyabiashara anayeweza kuweka mtu wake Mombo. Kwa anayetumiwa simu mpya na ndugu yake mara moja kwa mwaka, EMS ni afadhali. Masika ndiyo yanayohitaji tahadhari zaidi, kwa sababu udongo ukiporomoka barabara ya Soni mizigo hulala stoo ya wakala, na mama wa kibanda hafungui Jumapili. Kwa hiyo kuanzia Machi hadi Mei muuzaji wangu hatumi chochote baada ya Alhamisi.