Darasa la jioni la uchomeleaji: mwalimu safi, mapokezi balaa

Nilitaka hasira ipoe kwanza ndipo niandike. Haijapoa.

Mimi ni fundi wa kuchomelea mageti na madirisha hapa Katwe, Kampala. Kazi nilifundishwa na fundi mwenzangu palepale barabarani. Mwaka jana nikanyimwa kazi kwenye jengo fulani kwa kukosa karatasi, nikaambiwa kuna chuo chenye darasa la jioni linalotuandaa mafundi wa mitaani kwa mtihani wa Worker's PAS, karatasi ya Uganda ya kuthibitisha ujuzi wa kazi ya mikono.

Nafika mapokezi, pesa ninayo. Binti wa pale hata kuinua macho hakuinua. "Mzee, cheti cha S4 kiko wapi?" Yaani kidato cha nne.

"Mwanangu, ningekuwa nacho ningekuja hapa?"

Akawageukia wenzake: "Huyu anatafuta elimu ya watu wazima. Mwonyesheni wanakofundisha kusoma na kuandika." Foleni nzima kicheko. Na mle kwenye foleni kulikuwa na kijana niliyemfundisha kushika grenda!

PAS ni ya watu waliojifunzia kazini. Unapewa kazi, unaifanya, mpimaji anatazama mikono yako. S4 inaingilia wapi? Mfumo wenyewe wa kutambua ujuzi wa aina hii umo kwenye sheria tangu 2008. Sasa huyo binti kawekwa pale kwa kazi gani, kulinda kiti?

Haki ya Mungu lakini, mwalimu wa karakana anajua. Alitueleza kwa nini fimbo za kuchomelea za aina ya 7018 zikinyonya unyevu, chuma kinene kinaweza kupasuka baadaye, wewe umeshalipwa na kuondoka. Katwe hakuna anayekwambia hilo. Alitufundisha kusoma mchoro, na Mkongo mmoja asiyejua Luganda akarudiwa kila kitu kwa Kiswahili, bila kununiwa. PAS nimeipata. Kwa huyo mwalimu nilikuwa natoa nyota tano, basi, yaishe.

Halafu naenda kuchukua karatasi zangu, nani yuko dirishani? Yule yule. "Aa, mzee wa S4!"

Nyota moja. Na hiyo moja ni ya mwalimu.

Ukitaka kwenda, nenda, mafunzo ni ya kweli. Ila pitia geti la nyuma, lile la karakana, umwulize mwalimu mwenyewe fomu, na ada uilipe kwa simu. Usipite mbele.