Miaka miwili na mfumo wa ERP kiwandani: ulivyonifaa, ulivyonitoa jasho

Mimi ni mkuu wa fedha kwenye kiwanda cha plastiki Dar es Salaam. Ndoo, mabeseni, majagi, viti. Nilipoajiriwa tulikuwa na mashine nne, leo ziko kumi na moja, lakini hesabu zilikuwa zimebaki za mashine nne: programu ya uhasibu huku, mafaili ya Excel kule, na stoo na kaunta buku lake. Hesabu za mwezi tulizifunga tarehe 18 au 19 ya mwezi unaofuata, na ritani ya VAT mwisho wake ni tarehe 20. Nilikuwa naituma huku moyo unadunda.

Oktoba 2023 tukahamia kwenye ERP, yaani mfumo mmoja wa kompyuta unaounganisha uhasibu, stoo na uzalishaji, watumiaji kumi na wanne, mkataba wa miaka mitatu. Jina la mfumo na la washauri waliotusimikia sitalitaja, kwa sababu kuna mahali nitawasema na bado tunafanya nao kazi.

Siku ya maonyesho walinivuta kwa grafu. Sasa hivi grafu ndicho kitu ninachokifungua mara chache kuliko vyote. Ukienda kununua, mwambie muuzaji aachane na grafu, akuonyeshe kontena moja la malighafi linavyoingia, kuanzia ankara ya nje ya nchi mpaka kilo ya mwisho inayoingia mashineni. Hapo ndipo hela yangu ilipolipa. Zamani ushuru, malipo ya wakala wa forodha, tozo za bandarini na lori vyote nilivitupa kwenye akaunti moja, punje za plastiki, ndiyo malighafi yetu, zinakaa stoo kwa bei ya ankara tu, na sisi tunajisifu kwamba tunanunua kwa bei nzuri. Sasa kila gharama inabandikwa kwenye kontena lake na kugawanywa kwa kilo. Faini za kuchelewa kutoa mzigo naziweka pembeni makusudi. Hizo si gharama ya ndoo, ni gharama ya uzembe wetu, na mkurugenzi anaziona peke yake kila mwezi.

Jambo la pili lililonifungua macho ni majagi. Tulikuwa tunayatoa kwa rangi tisa. Ukibadilisha rangi, lazima mashine isukumiwe plastiki mpaka rangi ya zamani iishe, na yote hayo yanatoka kama mabonge ya kwenda kusagwa upya. Kila mtu kiwandani alikuwa anayaona mabonge hayo pale sakafuni, hakuna aliyekuwa anayahesabu. Mfumo unataka kila oda ya uzalishaji iandikwe kilo zilizoingia na kilo zilizotoka, na miezi mitatu baadaye ikaonekana wazi kwamba rangi tano kati ya tisa tulikuwa tunauza kwa hasara. Tukabaki na nne. Meneja mauzo alininunia wiki nzima.

Sasa mabaya. Wiki ya pili tu, ripoti ikasema ndoo ya lita 20 inakula malighafi ya shilingi 126. Nikahisi nimepagawa. Nikashuka stoo.

“Shikamoo mzee. Juzi mashine namba tatu mliipa mzigo kiasi gani?”

“Marahaba mwanangu. Arobaini.”

“Arobaini nini?”

“Mifuko! Wewe ulitaka vijiko?”

Mfuko mmoja ni kilo 25. Mfumo ulikuwa unasubiri kilo, mzee akaandika 40, ukapokea bila hata kuuliza. Tani moja imekwenda mashineni, vitabuni zimetoka kilo arobaini. Na mzee hakukosea, maana maisha yake yote amehesabu mifuko. Waliokosea ni washauri, waliokaa ofisini kwangu siku sita wakipanga akaunti, wasikanyage stoo hata siku moja. Kurekebisha kulikuwa kazi ya dakika kumi: stoo ikaanza kuandika mifuko, mfumo ukabadilisha wenyewe. Kusafisha wiki mbili za takwimu kukanichukua mpaka Desemba.

Mishahara nayo walituwekea SDL (tozo ya kuendeleza ujuzi anayolipa mwajiri) ya 4%, wakati ilishashuka kuwa 3.5% tangu Julai mwaka huohuo. Niliikamata kabla hatujalipa. Muunganisho na EFD, mashine za kutolea risiti za kodi, ulikatika mara mbili mwezi wa kwanza, ukatengemaa.

Halafu kuna hili la mgao wa umeme, ambalo mhasibu wa kiwanda anapaswa kulisoma mara mbili. Mapema 2024, kabla mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere haujaanza kuzalisha Februari, mashine zetu zilikuwa zinalala saa nyingi. Mfumo, ulivyokuja kutoka kwao, ulichukua pango na uchakavu wa mashine wa mwezi mzima ukagawa kwa ndoo chache zilizotoka. Ndoo zikaonekana ghali ajabu, na stoo ikawa “tajiri” kwa sababu tu umeme ulikatika! IAS 2, kanuni ya kimataifa ya uhasibu wa mali iliyoko stoo, hairuhusu hivyo. Gharama zisizobadilika zinagawanywa kwa uwezo wa kawaida wa kiwanda, na sehemu ya mashine iliyolala inakwenda moja kwa moja kwenye hasara ya mwezi. Mpangilio huo upo ndani ya mfumo, ila umefichwa, na hakuna aliyeniambia. Nimeugundua mwenyewe wiki moja kabla ya wakaguzi kuja.

Leo tunafunga mwezi tarehe 6, siku mbaya tarehe 8. Mapatanisho ya benki, yaani kulinganisha vitabu vyetu na taarifa ya benki, yaliyokuwa yanamla kijana wangu siku tatu yanaisha kabla ya chai ya saa nne. Gharama? Leseni ni ya kuvumilika, lakini siku za washauri zilitukamua karibu mara mbili ya leseni ya mwaka. Weka idadi ya siku kwenye mkataba, na andika kwamba angalau nusu yake watakuwa stoo na kwenye mashine.

Kinachoniudhi hadi leo ni programu yao ya simu. Stoo yetu ni banda la mabati, mtandao unapotea ukivuka mlango, na hesabu uliyoingiza inapotea nao. Mzee bado ana kaunta buku lake, na mwisho wa mwezi nalilinganisha na skrini kabla sijasaini chochote. Mkataba unaisha Septemba 2026. Nimeshaomba bei ya kuongeza watumiaji wawili, wote wa stoo.