Vitu vya ukumbusho wa harusi ya Charles na Diana: kipi kinunuliwe, kipi kiachwe

Karibu vitu vyote vya ukumbusho wa harusi ya 29 Julai 1981 vina kasoro moja: vilitengenezwa kabla ya harusi yenyewe. Uchumba ulitangazwa 24 Februari, na viwanda vya Uingereza vikapata miezi mitano ya kuchora, kuchoma, kufyatua na kuuza. Ndiyo maana sarafu, stempu na vikombe vinaonyesha wachumba, si maharusi. Gauni lililoshonwa na David na Elizabeth Emanuel lilifichwa hadi asubuhi ya siku hiyo, na hakuna mchoraji wa kiwanda aliyeliona.

Wafuatiliaji wa familia ya kifalme wakiikumbuka harusi ile hutaja mambo yale yale. Kuna mkia wa gauni, karibu mita 7.6 za hariri ya tafeta, uliotoka umekunjamana kwenye gari la farasi la vioo mbele ya Kanisa Kuu la St Paul. Kuna kiapo, pale Diana alipopindua majina ya mumewe na kusema Philip Charles Arthur George. Kuna busu la roshani ya Buckingham Palace. Basi anayetaka kununua kumbukumbu ya siku hiyo ajiulize kwanza: je, kitu hiki kimebeba lolote katika hayo?

Tuanze na sarafu, maana ndiyo inayouzwa zaidi na ndiyo inayowaponza wengi. Krauni ya 1981, sarafu kubwa ya ukumbusho, ilifyatuliwa na Royal Mint, kiwanda cha sarafu cha serikali, kule Llantrisant, Wales. Ina kipenyo cha milimita 38.61 na uzito wa gramu 28.28. Upande mmoja una Malkia Elizabeth II katika sura iliyochorwa na Arnold Machin, na upande wa pili una vichwa vya Charles na Diana vimepandana, kazi ya Philip Nathan. Kuizunguka kumeandikwa cheo cha Charles na jina la Lady Diana Spencer, yaani jina ambalo siku ileile alikoma kuitwa.

Kama kazi ya sanaa, inapendeza. Nathan hakujaza madoido, na sura ya Charles imepatikana sawasawa. Ya Diana imekuwa ngumu kidogo shingoni. Tatizo liko kwenye bei. Zilifyatuliwa zaidi ya milioni 26 kwa matumizi ya kawaida, na karibu kila aliyepata moja aliihifadhi. Kitu kilichohifadhiwa na kila mtu hakiwezi kuwa adimu. Bei ya haki ni pauni 1 hadi 3, hata ikiwa imebaki kwenye kifuko chake cha plastiki. Ukiona tangazo linaloitaja kwa mamia ya pauni kwa sababu ni ya Diana, lipite.

Thamani haikuandikwa juu yake, na hapo ndipo wengi wanapoingia mkenge. Krauni hii ni ya peni 25. Krauni za pauni 5 zilianza mwaka 1990, na hazizipandishi hadhi zile zilizotangulia. Iliyopakwa dhahabu ndiyo ya kuiacha kabisa. Rangi hiyo iliwekwa na wafanyabiashara baada ya sarafu kutoka kiwandani, na kwa mkusanyaji wa sarafu huo ni uharibifu.

Toleo la madini ya fedha ni habari nyingine. Ni la fedha ya 925, yaani sehemu 925 za fedha tupu katika kila 1,000, lilitoka kwenye kasha lake, na idadi yake ni kama 218,000. Hata hilo si haba, kwa hiyo bei yake hufuata bei ya madini hayo: ndani yake mna gramu 26.16 za fedha tupu. Zidisha kwa bei ya gramu siku unayonunua, ongeza kidogo kwa ajili ya kasha na karatasi yake, usizidishe hapo.

Kuitambua kunahitaji uangalifu, kwa sababu ile ya kawaida, ambayo ni mchanganyiko wa shaba na nikeli, ina uzito uleule na kipenyo kilekile. Mizani peke yake haisaidii. Sumaku nayo haisaidii, kwani zote mbili hazivutwi. Tazama uso: ya fedha ina uwanja unaong'aa kama kioo na vichwa vyenye ukungu mweupe, nayo haitakiwi kutolewa kwenye kibonge chake kigumu cha plastiki. Ikiwa imeshatolewa na imechakaa kiasi cha kutia shaka, tumia maji. Weka glasi ya maji kwenye mizani inayosoma sehemu ya kumi ya gramu, irudishe kwenye sifuri, kisha zamisha sarafu ikiwa imening'inia kwa uzi mwembamba bila kugusa chini wala kando. Ikisoma karibu 3.2, ni shaba na nikeli. Ikisoma karibu 2.7, ni fedha, kwa kuwa fedha ni nzito zaidi kwa ujazo na hivyo husukuma maji machache. Ikaushe kwa kuigusisha kitambaa laini, usiisugue.

Vile vifuko laini vya plastiki ndivyo vinavyoziua sarafu hizi. Vingi huwa na PVC, aina ya plastiki, na baada ya miaka plastiki hutoa utelezi wa kijani unaokula shaba. Utelezi mbichi huondoka kwa kuloweka sarafu kwenye asetoni safi dakika chache, ndani ya chombo cha kioo, dirisha likiwa wazi na mbali na moto. Ukishachimba uso, hakuna dawa. Na usiguse kabisa dawa za kung'arisha vyuma.

Vikombe vina raha yake kuliko sarafu, kwa sababu vinatofautiana mno. Wedgwood, Aynsley, Coalport na Royal Doulton walitoa vyao, na viwanda vidogo visivyohesabika vikatoa vya bei rahisi. Picha nyingi ni zile za wakati wa uchumba: Diana na blauzi yenye fundo shingoni, nywele fupi, Charles na tai. Pembeni huwa na manyoya matatu ya nembo ya Mwanamfalme wa Wales. Ukikuta kikombe chenye Diana ndani ya gauni la harusi, jua kilitoka baada ya siku yenyewe, hata kama muuzaji anaapa ni cha mwezi Juni. Hilo si kosa. Kwa kipimo chetu ni sifa.

Tenga kwanza kauri nyembamba ya mifupa, ile iliyochanganywa majivu ya mifupa, na udongo wa kawaida. Kinyanyue kikombe mbele ya taa na upitishe vidole nyuma yake: kivuli cha vidole kikionekana, ni kauri ya mifupa. Halafu kishike kwa kipini na ukigonge ukingo kwa ukucha. Mlio mrefu ni dalili ya uzima, na mlio uliokufa maana yake kuna ufa hata kama jicho halijauona, mara nyingi pale kipini kinapoungana na mwili. Vya udongo hupata mtandao wa nyufa ndogo kwenye rangi ya juu, kwa sababu udongo hunyonya unyevu na kutanuka huku rangi ya juu haitanuki. Chai ikiingia humo haitoki tena. Ukingo uliotengenezwa upya huonekana chini ya taa ya urujuanimno, kwani rangi ya ukarabati hung'aa tofauti na ile iliyochomwa kiwandani.

Mstari wa dhahabu ukingoni ni dhahabu halisi, lakini nyembamba mno. Mashine ya kuoshea vyombo huufuta, na ndani ya maikrowevu hutoa cheche. Zaidi ya hapo, rangi zilizochomwa juu ya kauri nyakati zile huweza kuwa na madini ya risasi, kwa hiyo kikombe hiki ni cha kabatini, si cha chai ya kila asubuhi. Idadi ya vilivyotengenezwa iliyoandikwa kitakoni, kwa mfano 5,000, ina maana pale tu kiwanda kina jina. Kwa kiwanda kisichojulikana ni mapambo.

Kati ya vyote, kimoja kinastahili nafasi: kile cha Carlton Ware chenye uso wa Charles, ambacho kipini chake ni sikio. Ni dhihaka, na ndiyo sababu kimebaki na uhai kuliko mamia ya vikombe vilivyojaa heshima. Kikague hapo sikioni, ndipo kinapovunjika.

Stempu za Uingereza zilikuwa mbili tu, ya peni 14 na ya peni 25, zilizotolewa 22 Julai, wiki moja kabla. Picha ilipigwa na Lord Snowdon. Tazama vimo: Charles yuko juu ya Diana waziwazi, ingawa wawili hao walikaribiana sana kwa urefu. Jozi safi haina thamani ya kukusanywa, na mara nyingi huuzwa chini ya peni 39 zilizoandikwa juu yake. Faraja ni kwamba stempu za ukumbusho zenye picha bado zinakubalika kwa posta ya Uingereza, hata baada ya zile za kawaida zisizo na msimbo wa mistari kuondolewa mwaka 2023. Ukitaka kitu cha siku yenyewe, tafuta bahasha iliyogongwa muhuri wa tarehe 29 Julai, si ile ya 22 ambayo wauzaji huisifu kuwa ya siku ya kwanza.

Vitambaa vya kufutia vyombo na makopo ya biskuti havihitaji maneno mengi. Kutu ikishaanza kwenye maungio ya kopo haisimami.

Kuhusu keki, tahadhari. Keki rasmi ilitengenezwa na wapishi wa jeshi la majini huko Chatham, Kent, na zilikuwapo nyingine zaidi ya ishirini. Vipande bado hupita minadani. Mwaka 2021 kipande kimoja kikubwa, chenye nembo ya kifalme kwa sukari ya rangi, kiliuzwa pauni 1,850 na wanadi wa Dominic Winter, wakati makadirio yalikuwa pauni 300 hadi 500. Hapo hununui keki, unanunua ushahidi. Keki ya matunda ya zamani inafanana na keki nyingine yoyote ya matunda ya zamani. Kisanduku, kadi, jina la aliyepewa na barua inayoeleza alikuwa nani ndivyo vyenye bei. Kipande kisicho na karatasi hata kimoja kina thamani ya makombo.

Sasa vile vilivyobeba siku yenyewe. Cha kwanza ni santuri rasmi ya BBC ya ibada, iliyotoka siku chache tu baadaye na kushika namba 1 kwenye chati ya albamu za Uingereza Agosti 1981. Ni ya thamani ndogo sokoni, pauni chache, kwa sababu ziliuzwa nyingi. Lakini kwa mtu wa kukumbuka, haina mpinzani. Ibada yenyewe ilikuwa na Askofu Mkuu Robert Runcie akiongoza, sauti ya Kiri Te Kanawa katika muziki wa Handel, na wimbo wa kwaya wa William Mathias uliotungwa kwa ajili ya siku hiyo. Sikiliza viapo: Diana anachanganya majina, Charles naye anateleza alipofika kwenye ahadi ya kumgawia mali yake, na neno la bibi harusi kuahidi kutii halimo.

Kabla ya kulipa, itoe santuri na uiinamishe chini ya taa. Mikwaruzo inayofuata mzunguko haisikiki sana; inayokata mifereji ndiyo hutoa mlio wa tiki kila mzunguko. Uwe mkali zaidi kwenye sehemu za maongezi. Kwaya na tarumbeta hufunika kelele, ila kiapo kinachosemwa kwa sauti ya chini kinaacha kila mkwaruzo usikike. Sindano iliyochakaa huumiza zaidi mwisho wa kila upande, kwa hiyo jaribu hapo kwanza: sauti za juu zikikwaruza, hakuna usafi utakaozirudisha. Iweke wima, mbali na joto. Zikilazwa nyingi juu ya nyingine hupinda.

Cha pili ni magazeti, lakini soma tarehe. Toleo la asubuhi ya 29 Julai na majarida ya ukumbusho ya wiki hiyo, ikiwemo Radio Times ya 25 hadi 31 Julai, yalichapwa kabla na yana ratiba, ramani za njia na picha za uchumba. Yenye gauni, mikunjo na busu ni ya jioni ile na ya asubuhi ya 30 Julai. Hayo ndiyo ya kutafuta, yakiwa kamili na kurasa za katikati zipo, kwani ndizo zilizokuwa zikikatwa na kubandikwa ukutani.

Karatasi ya gazeti ina asidi ndani yake, hivyo itageuka rangi tu. Kazi yako ni kuchelewesha. Lifunue mara moja, lilaze bapa ndani ya folda isiyo na asidi, liweke mbali na mwanga na magazeti mengine. Usilaminishe, wala usitumie selotepu kwenye sehemu zilizochanika: gundi yake hugeuka kahawia na kupenya hadi upande wa pili.