TAHADHARI: Raki ya usukani "mpya" iliyopakwa rangi, Mtwara mjini

Ndugu zangu mnaoendesha magari Mtwara na Lindi, naandika tahadhari hii baada ya kupoteza shilingi 420,000 kwa ugonjwa ambao dawa yake ilikuwa spea ya shilingi 35,000, na baada ya jirani yangu kunieleza kisa kinachofanana na changu karibu neno kwa neno. Usukani unacheza au unagonga, fundi anasema raki (mtambo unaopeleka mgeuko wa usukani kwenye matairi ya mbele) imekufa, muuza spea aliye mlango wa pili anayo raki "mpya iliyoingia jana kutoka Dar", na baada ya siku chache kelele inarudi palepale. Jina la duka na la fundi sitalitaja, kwa kuwa nililipa bila risiti na sina karatasi ya kuthibitisha neno langu, lakini namna ulaghai ulivyofanyika nitaieleza yote.

Gari langu ni dogo, la Kijapani, na msimu wa korosho ulipoanza nilikuwa nikienda vijiji vya Tandahimba mara mbili kwa wiki. Kila nilipovuka rasta, usukani ulinigonga viganjani, na kwenye lami iliyonyooka ya kuelekea Mikindani nilikuwa nikiugeuza kama upana wa vidole viwili kabla gari halijaitika, kisha linaitika kwa ghafla. Matairi yote mawili ya mbele yalikuwa na upepo wa kutosha na nati zake zilikuwa zimekazwa, kwa hiyo nilijua tatizo liko ndani zaidi, nikalipeleka gereji.

Fundi aliliinua gari mbele kwa jeki mbili, akashika tairi la kushoto kwa mikono miwili, akalitikisa kulia na kushoto, nalo likayumba kweli. "Umeona mwenyewe, mzee? Raki imekwisha." Nilikubali kwa macho yangu, na hapo ndipo nilipoanza kulipa. Nilichokuwa sijui ni kwamba ufunguo ulikuwa umewashwa, usukani haukuwa umefungwa, na hapakuwa na mtu ndani ya gari wa kuona kwamba kila tairi lilipogeuka, usukani nao uligeuka. Tairi lililo hewani likigeuka pamoja na usukani na tairi la upande wa pili, halina ugonjwa wowote, kwani ndivyo vilivyounganishwa. Kinachotafutwa ni ule uwazi mdogo, tairi kusogea na kutoa mlio ilhali usukani na tairi la pili vimetulia.

Kisha alinionyesha kidole chenye mafuta meusi, akasema raki inavuja oili. Uongo huo ndio unaoniudhi zaidi, kwa sababu usukani wa gari langu husaidiwa na mota ya umeme, na ndani ya raki yake hamna oili, kuna grisi tu. Angefungua boneti hata mtu asiyejua gari angeona kwamba kichupa cha oili ya usukani hakipo. Sikumwambia afungue.

Niliambiwa niliache gari hadi jioni kwa kuwa kazi ni chafu. Jioni nikaonyeshwa raki nyeusi inayong'aa chini ya gari, na nilipoomba ile ya zamani nikajibiwa kuwa vyuma chakavu hubaki kwa fundi, ndio utaratibu. Gari lilitulia siku tisa. Siku ya kumi, nikiwa njiani kwenda Lindi, kugonga kulirudi.

Fundi wa Lindi, mtu mzima asiye na maneno mengi, hakugusa jeki. Aliniketisha kwenye usukani, matairi yakiwa chini na injini inanguruma, akaniagiza nitikise usukani kidogo kidogo kulia na kushoto bila kusimama, kama anayebembeleza mtoto, naye akalala chini akiweka mkono kwenye kila kiungo kwa zamu. Alipofika kwenye tairodi endi ya kushoto (kiungo kinachounganisha fimbo ya raki na tairi, ndiyo ile spea ya shilingi 35,000) aliniita nije nishike mwenyewe, naye akaketi kwenye usukani. Kweli, fimbo inayotoka kwenye raki ilikuwa ikisogea kwanza, ikagonga, ndipo tairi likafuata. Kwenye mpira wa kiungo kile palikuwa na tundu dogo lililotobolewa, na grisi nzito imesindiliwa ndani. Akanieleza kuwa grisi hujaza nafasi iliyolika na kuficha mlio kwa siku chache. Ndizo siku zangu tisa.

Baada ya hapo alikwangua rangi nyeusi ya raki kwa ncha ya bisibisi. Chini yake palikuwa na kutu, na kwenye nati ya raki endi (kiungo cha ndani, fimbo inapoungana na raki) pakatokea mstari wa rangi ya njano. Mstari ule niliuona ukichorwa mwaka mmoja uliopita, nilipopeleka gari kwenye wili alaimenti, yaani kunyoosha mwelekeo wa matairi. Raki niliyouziwa ilikuwa yangu mwenyewe, imeoshwa kwa petroli na kupakwa rangi, na huenda haikufunguliwa kabisa.

Kwa hiyo, kabla hujakubali kununua raki, omba jaribio hilo la watu wawili, matairi yakiwa chini. Mkono wako uwe juu ya kiungo wakati usukani unatikiswa. Mpira wa raki ukibanwa kwa vidole, raki endi iliyochoka huhisiwa ikigonga ndani yake. Raki nzima ikihama kulia na kushoto pale ilipofungwa, kinachohitajika aghalabu ni bushi zake (mipira inayoishikilia) au kukaza boliti. Mlio ukisikika karibu na miguu ya dereva, angalia krosi, yaani kiungo cha shafti inayoshuka kutoka kwenye usukani. Tairi likiinuliwa na kucheza juu na chini, mtu akanyage breki. Uwazi ukipotea mshukiwa ni beringi, ukibaki angalia boli jointi, kiungo kinachoshikilia tairi kwenye mkono wa chini ya gari. Stabilaiza linki (fimbo fupi za kuzuia gari lisilale kwenye kona) nayo hugonga sana kwenye mashimo, lakini haiufanyi usukani kuwa na nafasi. Na usukani unaotetema kwenye mwendo mkubwa tu, kwenye lami laini, upelekwe kwanza kubalansi matairi. Tairodi endi iliyolegea isipuuzwe hata hivyo, maana ikichomoka barabarani tairi lile halitii tena usukani.

Ukiamua kununua, chora alama yako kwenye spea ya zamani, mahali ambapo brashi ya rangi haifiki kwa urahisi, na uwepo inapofunguliwa. Idai uondoke nayo. Dai risiti ya mashine ya EFD yenye jina la spea, kwa sababu nilipofikiria kulalamika Tume ya Ushindani, ambayo ndiyo inayoshughulikia haki za mlaji na bidhaa bandia, swali la kwanza nililojiuliza lilikuwa nitaonyesha nini, na sikuwa na jibu. Pia raki ikibadilishwa kweli, alaimenti lazima ifanywe upya. Fundi wangu wa kwanza hakuitaja kabisa, na hiyo pekee ingetosha kunishtua.

Mliouziwa raki mjini Mtwara msimu huu na mkanyimwa ile ya zamani, kwangueni rangi karibu na nati za raki endi. Mkikuta kutu au alama mnayoitambua, pigeni picha kabla hamjarudi dukani, na msiende peke yenu.